Kabula Hajambo

Mtazame kwanza anavyokuja. Jua la Mpanda limeshapanda juu ya mabati ya Makanyagio, bodaboda wamejazana upande wenye kivuli, na mwanamke mmoja mfupi, mnene kiasi chake, anakata kona ya duka la dawa akiwa na chupa mbili za chai, moja kila mkono, na ndoo ya maandazi kichwani. Ndoo haishikwi. Yeye na ndoo wamezoeana. Anamsalimia fundi viatu, anamsalimia binti wa vocha, anajibu utani wa bodaboda bila kugeuza shingo, halafu anaingia kwenye kibaraza cha Amri na kushusha mzigo wake kwa mpangilio uleule wa siku zote: chupa, ndoo, vikombe, kigoda, pumzi.

Huyo ndiye Gaudensia. Mkonongo, mzaliwa wa Inyonga, mjini hapa yupo miaka mingi. Umri wake ukimuuliza atakwambia ni wa kutosha. Chai yake ina tangawizi mpaka masikio yanazibuka, na maandazi yake yanaisha kabla jua halijakaa katikati.

Ukimwona hapo utadhani umeshamaliza kumjua. Subiri kwanza. Ikifika saa nane mchana, wateja wakishapungua, Gaudensia hufunika ndoo, hunawa mikono, huifuta kwenye khanga mara mbili, huingia ndani ya duka. Duka lenyewe siku hizi ni la kuchapa barua na kutoa fotokopi, lakini kwenye pembe kabisa kuna kompyuta moja ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Kitambaa kakifuma mwenyewe. Anakiondoa, anakikunja, anakaa. Na kwenye nchi moja inayoitwa Orindali kuna watu wanasema, "Huyo kaingia."

Mambo haya yalianza enzi duka la Amri lilipokuwa mgahawa wa intaneti, kabla kila mtu hajatembea na intaneti yake mfukoni. Vijana walikuwa wanakaa mstari mzima kucheza Orindali, na Gaudensia anawapelekea chai palepale walipo maana walikuwa hawataki kuinuka. Orindali, kwa asiyeijua, ni mchezo wa kwenye kompyuta ambao watu wa dunia nzima wanaingia kwa pamoja. Kila mmoja anakuwa na mtu wake: unamchagulia sura, unamchagulia kazi, unampa jina, halafu unaishi humo. Kuna misitu, kuna miji, kuna mazimwi ya kupigwa. Mwisho hauna. Ukitoka leo, kesho unakuta nchi imeendelea bila wewe.

Siku moja mvua ya kwanza ya msimu ilishuka kwa kishindo. Vijana walikimbilia makwao, mashine zikabaki zinawaka zenyewe. Umeme haukukatika, jambo ambalo lenyewe lilikuwa habari. Amri akamwambia, "Dada Gaude, si huwa unachungulia sana? Haya kaa sasa, mashine zimelala bure."

Akakaa. Amri akamfungulia mlango wa nchi ile.

"Chagua kazi. Kuna mpiganaji, kuna mganga, kuna mwizi."

"Mpishi yupo?"

"Yupo, lakini hakuna anayemchagua. Anachelewa kupanda leveli."

"Niwekee huyohuyo."

"Jina?"

"Gaudensia."

Amri akaandika. Mashine ikakataa: jina limeshachukuliwa.

"Limechukuliwa na nani?"

"Nitajuaje dada? Dunia kubwa."

"Yuko Gaudensia mwingine na hajaniaga?"

Mlangoni alikuwa amejibanza mzee mmoja wa Kisukuma aliyekuja mjini kuuza ng'ombe. Alikuwa anaangalia maji yanavyoshuka kwenye mabati, akasema kama anajisemea mwenyewe, "Mtoto wa kike akizaliwa leo, huyo Kabula moja kwa moja." Maana kwa Kisukuma mvua ni mbula, na Kabula ni mtoto aliyekuja nayo.

Gaudensia akageuka akaiangalia ile mvua. Akaiangalia muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Andika Mama Kabula."

Hapa inabidi tuelewane. Mtaani, mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linawekwa kabatini pamoja na nguo za harusi. Anakuwa Mama Happiness, Mama Innocent, mpaka kuna watu wanajuana miaka ishirini na hawajui mwenzao alibatizwa nani. Gaudensia aliwahi kuolewa, ndoa ikaisha bila mtoto na bila ugomvi, akarudi kwenye jina lake. Hakuna aliyemtukana. Walimwita Gaudensia, wengine Gaude, wengine dada wa chai. Jina lilikuwa safi tu, ila lilikuwa kavu, kama ugali uliowekwa mezani halafu mwenye nyumba akasahau mboga.

Amri alimtazama kidogo. Akarudisha macho kwenye kioo, akaandika Mamakabula, neno moja, maana mashine ilikuwa haitaki nafasi katikati. Mashine ikakubali.

Vijana wale wote waliokuwa wanacheza walishaacha. Mmoja ni mwalimu huko Usevya, mwingine ana duka la vipuri, na Amri mwenyewe aliacha alipooa. Aliyebaki ni muuza chai. Kwenye njia panda moja ya Orindali, chini ya kilima, Mama Kabula alijenga jiko. Mpiganaji anayekwenda kupambana na zimwi lazima ale kwanza, la sivyo nguvu zinamwishia katikati ya vita. Na kupika huko ni kazi ya subira: ukichelewa kukoroga mchuzi unaungua, ukiwahi unakuwa maji. Wapiganaji subira hawana. Kwa hiyo mpishi aliyetulia aligeuka lulu, na watu wakaanza kupita kwake.

Waswahili wakajuana. Wa kwanza alikuwa Nassib, fundi friji wa Tabora, ambaye huko ndani ana upanga mrefu kumzidi mwenyewe. Akafuata Bushra wa Ujiji, mpiga mishale, mwenye mdomo mkali kuliko mishale yake. Wakaja wengine. Wakajiita Kijiwe.

Sasa sikiliza kosa lilivyotokea, maana lilitokea kwa adabu kabisa. Siku ile ya kwanza Nassib alisimama jikoni, akalisoma lile jina juu ya kichwa cha mpishi, akafanya ambacho mtu yeyote aliyelelewa angefanya.

"Mama Kabula, habari za hapa?"

"Nzuri, karibu."

"Kabula hajambo?"

Gaudensia alibaki na vidole hewani. Swali hilo huku kwetu lina jibu moja. Hata mtoto akiwa na homa, kwanza unasema hajambo, ndipo unasema ila usiku alichemka kidogo. Akaandika, "Hajambo."

Ikapita. Kesho yake akaulizwa tena, akajibu tena. Mwaka ukageuka.

"Kabula ameanza kutembea?" Nassib akauliza.

"Wee, wakianza kutembea hao ndiyo kazi inaanza."

"Huniambii kitu, wa kwangu jana kamwaga unga wote."

Miaka ikasogea, Kabula naye akasogea nayo. Bushra ndiye aliyempeleka shule, kwa hesabu zake mwenyewe: "Kabula si yupo darasa la kwanza sasa?" Gaudensia akajibu kwamba watoto wanakua haraka. Nassib akamvusha darasa la nne, halafu la saba, halafu kidato cha nne. Gaudensia akasema masomo ya siku hizi ni magumu. Ukiyachambua maneno yake moja moja hutakuta uongo. Uongo ulikuwa umejificha katikati ya maneno, kama chuya kwenye mchele wa Mpimbwe, na kila aliyekula alikula bila kuihisi.

Mara moja tu mambo yalimkaba. Bushra alipata viatu vizuri vya shule, akataka kumtumia Kabula kwa basi.

"Mguu wake namba ngapi?"

"Usihangaike mdogo wangu, mguu wenyewe unakua kila siku."

"Ndiyo maana nauliza wa leo. Namba ngapi?"

"Hebu ngoja."

"Nangoja. Mpime basi, si yuko hapo?"

Gaudensia akazima mashine. Kesho yake akasema umeme ulikatika. Hakuna aliyemtilia shaka. Ukishasema Mpanda na umeme, mazungumzo yanahamia kwenye pole. Viatu alipewa mtoto wa jirani yake Bushra.

Amri alikuwa akimtania. "Dada, hivi hukinai? Alfajiri unapika kwako. Mchana unakuja kupika kwenye kompyuta."

"Kule kuni hazina moshi."

"Michezo mipya imejaa kwenye simu. Huo wako hata picha zake zimechakaa."

"Kule vyombo havioshwi, Amri."

Hayo yalikuwa majibu ya utani. Jibu lenyewe alilitoa siku moja wakati hakuna aliyemuuliza, akiwa anapanga vikombe. Alisema chai aliwahi kuiuzia stendi, stendi ikahamishwa. Akauzia sokoni, wakaambiwa wapishe ujenzi. Akauzia kando ya barabara, barabara ikapanuliwa. Kila akihama, nusu ya wateja wanapotea, na wengine alikuwa amezoea mpaka vikohozi vyao. "Kule," alisema, "mwiko ninauacha juu ya jiwe, naukuta juu ya jiwe. Mtu anapotea mwaka mzima, ameoa huko, amefiwa huko, siku anarudi anasema, Mama Kabula, bado upo? Namwambia nipo. Anasema mchuzi upo? Namwambia upo. Anakaa." Akamalizia kupanga vikombe, akaongeza, "Halafu wananiita."

Amri hakuuliza wanamwitaje. Alijua.

Mwaka huu, siku moja ya katikati ya wiki, Orindali ilitoa tangazo. Lilikuja kwa Kiingereza kirefu, ikabidi Amri asogeze kiti.

"Wanasema wachezaji wamepungua. Nchi yenu ilikuwa inakaa kwenye seva moja, yaani kompyuta yake kubwa huko mbali, na kuna nchi nyingine kama hiyohiyo, watu wengine, seva nyingine. Sasa wanaziunganisha. Nyie mnahamia nyumba moja na wao."

"Kwani kuna ubaya? Wageni ni wageni. Tutaongeza maji kwenye sufuria."

"Nisikilize mpaka mwisho, dada. Majina hayaruhusiwi kufanana. Na huko," Amri akashusha kidole kwenye kioo, "kuna Mamakabula mwingine."

Gaudensia akakikunja upya kitambaa chake.

"Wanasema mwenye leveli kubwa ndiye anabaki na jina. Mwenzake anawekewa namba mbili mwishoni mwa jina. Labda yule mkubwa aamue mwenyewe kuliacha."

"Leveli yake ngapi?"

"Huyo ni mpiganaji. Yuko juu sana."

"Na yangu?"

Amri akajikohoza. "Wewe ni mpishi, dada."

Habari ilifika Kijiweni kabla mchuzi haujapoa.

"Mamakabula wa Pili," aliandika Nassib. "Yaani bi mdogo."

"Hongera dada yangu," akaandika Bushra. "Umeolewa umri huu bila kuposwa wala ngoma."

"Bi mkubwa akija utampikia au utamwekea sumu?"

"Atampikia. Mke wa pili hana kauli."

Gaudensia akaandika hahaha, herufi nyingi, na uso wake haukucheka. Siku iliyofuata alitia chumvi kwenye chupa nzima ya chai, fundi viatu akanywa nusu kikombe kabla hajapata la kusema.

Namba mbili ilikuwa inauma, lakini haikuwa kubwa kuliko lingine. Huyo mwenzake, mwenye jina kama lake, si lazima ana Kabula? Kabula wa nyama na damu, mwenye picha, mwenye vyeti vya shule, mwenye mguu unaojulikana namba. Watakaa jiko moja. Watu wataulizia watoto, wataanza na bi mkubwa, naye atajibu kama mzazi anavyojibu, maneno mengi, mpaka mtu amwambie basi inatosha. Kisha watamgeukia yeye. "Wanakua haraka" isingemvusha hapo. Na akishajulikana hana Kabula, atarudi kuwa Gaudensia hata kule, kwa watu ambao hawajawahi kumwita hivyo hata siku moja.

"Mtafute," Amri akamwambia. "Kabla ya kuunganisha wamefungua soko la pamoja, watu wa pande zote mbili wanaingia. Kaongee naye kama mtu mzima."

"Nimwambie nini?"

"Si unajua kusalimia? Anzia hapo."

Akaenda. Soko lilikuwa limejaa watu wa kila rangi, wengine kijani. Yule mwingine hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa jitu la mwanamke, ngozi ya simba mabegani, shoka mkononi, amesimama juu ya ngazi kama anasubiri mtu amkanyage. Juu ya kichwa chake imeandikwa Mamakabula. Gaudensia, aproni kiunoni na mwiko mkononi, akamsogelea mpaka majina yao yakawa yanaelea sambamba.

"Habari yako, wajina," akaandika. Maana mwenye jina kama lako ni wajina wako, hata kama mnagombea jina lenyewe.

"Poa. Umekuja kuomba jina?"

"Nimekuja kusalimia kwanza."

"Salamu zimefika. Jina sitoi. Nimelihangaikia."

"Sijaomba bado."

"Nakuona unakaribia."

Gaudensia akatabasamu mbele ya kioo. Kauli hiyo ilifanana na za Bushra. Akatafuta neno la kuendelezea, na vidole vyake, kwa mazoea ya huku, vikaandika vyenyewe kile ambacho kila mtu angeandika: "Kabula hajambo?"

Alishtuka alipolisoma swali lake. Miaka yote alikuwa ameulizwa yeye.

Jitu likashuka ngazi moja. Kisha likaandika: "Kabula ndiye mimi."

"Wewe ndiye Kabula?"

"Eeh. Hilo jina ni la mama. Nilikuwa mdogo, nikatakiwa kumpa mpiganaji jina la kutisha. Mama yangu akikasirika Sibwesa nzima wanaingiza kuku ndani. Nikaona hakuna lingine."

"Sibwesa ipi?"

"Sibwesa ya Katavi. Sasa nipo Mwanza nasomea uuguzi. Wewe uko wapi?"

"Mpanda mjini."

Amri, aliyekuwa amesimama nyuma akijifanya anatengeneza printa, aliguna. Dunia nzima imo humo ndani, na huyu wa kugombea naye jina katokea Sibwesa.

"Mpanda," likaandika jitu, na shoka likashuka chini. "Shikamoo basi. Sikujua naongea na mama wa mtu."

"Marahaba, mwanangu."

"Na Kabula wako hajambo?"

Hapo. Swali lilikuja laini, limevaa heshima zake zote, na jibu lake lilishazoea njia. Gaudensia akaandika "Ha". Akaitazama hiyo Ha. Akaifuta. Akaandika polepole, kidole kimoja: "Sina. Hakuna Kabula. Hajawahi kuwepo."

Watu walipita katikati yao na mizigo yao, farasi akapita, mtu wa kijani akapita. Jitu halikuondoka.

"Sasa Mama Kabula wa nani?"

Haikuwa dhihaka. Lilikuwa swali la mtoto anayetaka kuelewa. Gaudensia akamjibu kwamba wa mvua, akamweleza siku ile, mabati, mzee wa ng'ombe, na mashine ilivyokataa jina lake la ubatizo. Akaeleza mengi kuliko alivyowahi kuandika humo. Alipomaliza akaifuta mikono kwenye khanga.

"Mimi nilizaliwa kwenye mvua hivyohivyo," akaandika Kabula. "Wanasema mkokoteni ulikwama kwenye tope mama anapelekwa zahanati, nikakataa kusubiri." Halafu: "Mimi siwezi kukupa jina, mama. Siyo langu. Ni la mwenyewe. Nipe namba yako ya simu."

Simu ililia kesho yake, chai ikiwa imebaki chupa moja. Nyuma ya sauti kulikuwa na mashine ya kusaga inanguruma.

"Haloo. Ndiye wewe unayejiita mimi?"

Gaudensia akainuka kwenye kigoda. "Ndiye mimi, dada. Habari za Sibwesa?"

"Za Sibwesa mahindi tu. Ngoja nizime hii kitu." Ngurumo ikafa. "Mtoto kanieleza mpaka vocha imeisha na sijaelewa hata nusu. Hebu niambie wewe mtu mzima. Huko mimi nafanya nini?"

"Wewe wa binti yako unapigana. Una shoka."

"Kubwa?"

"Linanizidi mimi."

"Hapo hajakosea. Na wewe?"

"Mimi napika."

"Unapika nini?"

"Mchuzi. Wa nyama ya zimwi."

Mama Kabula wa Sibwesa akatafakari. "Wanakula?"

"Wanamaliza sufuria."

"Basi. Mmoja anapigana, mmoja anapika, nyumba imekamilika. Mnagombea nini?" Akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuongea juu ya mashine, kisha sauti ikashuka. "Mtoto kaniambia na lile lingine. Hapo mtaani kwenu wanakuitaje?"

"Gaudensia. Wengine Gaude."

"Hivyohivyo? Kavu?"

"Kavu."

"Mm."

Amri, ndani, aliacha kubonyeza fotokopi.

"Sikiliza, wajina. Mimi nina Mama Kabula, nina Mama Shija, na hapa wote wananiita Mama Mashine. Majina yamenizidi, mengine siitiki. Hilo la kwenye kompyuta kaa nalo. Lakini sikupi hivihivi."

"Sema, dada."

"Ukiitwa mama wa mtoto, unamuulizia mtoto. Mimi nikimpigia huyu, ananiambia mama mimi mzima, anakata. Wewe utakuwa unamwona humo kila siku. Muulize kama amekula. Akisema amekula, muulize amekula nini. Chai na andazi usikubali."

Gaudensia akaitazama ndoo yake ya maandazi. "Sikubali," akasema.

"Haya. Wateja wananingoja." Na ngurumo ikawaka tena kabla simu haijakatika. Tangu hapo Gaudensia alipita kwenye soko la pamoja kila mchana, kumuuliza Kabula kama amekula.

Siku ya kuunganisha, saa zilezile za mchana, njia panda ilijaa kuliko siku zote. Wageni wanauliza njia, wenyeji wanajifanya wanazijua. Gaudensia alikuwa amejiandaa tangu asubuhi. Alikuwa na maelezo kichwani, Amri kamsaidia kuyapanga: yanaanza na mvua, yanapita kwenye jina, yanafika kwenye zile hajambo zote, yanaishia na samahani. Aliona heri ayatoe mwenyewe, mara moja, Kijiwe wote wakiwepo. Jina lilikuwa limebaki lake, Mamakabula bila namba, na alitaka alishike akiwa amenyoosha mgongo.

Ndipo jitu la ngozi ya simba likashuka kilimani. Shoka lilelile. Ila juu ya kichwa, baada ya kuachia jina la kwanza, lilikuwa limejiandikia lingine: Kabula.

"Subirini," akaandika Nassib. "Naona vibaya au?"

"Kabula?" akaandika Bushra. "Kabula wetu? Huyu?"

"Shikamooni," akaandika jitu.

"Marahaba. Wewe ndiye Kabula mwenyewe?"

"Ndiye mimi."

"Mama Kabula, yaani miaka yote unatuambia anakua haraka, kumbe ulikuwa unamlisha mazimwi."

"Angalia huo mguu," akaandika Bushra. "Mimi nilitaka kumtumia viatu. Ningetuma mitumbwi."

Kijiwe kikalipuka. Wakamzunguka, wakampima urefu, Nassib akamwambia alimjua hajaanza kutembea. Kabula akacheka nao, akaeleza kwamba yupo Mwanza, anasomea uuguzi, masomo magumu. Hakusema neno hata moja ambalo si la kweli.

"Na mama anakutunza kweli?" akauliza Nassib. "Maana sisi anatupunguzia nyama."

"Ananiuliza kila siku kama nimekula," akaandika Kabula. "Leo bado hajaniuliza."

Wote wakamgeukia mpishi.

Gaudensia alikuwa na vidole juu ya herufi, na yale maelezo yote, kuanzia mvua mpaka samahani, yamejipanga mlangoni yanangoja kutoka. Sufuria ilikuwa inachemka, ikataka kukorogwa. Akaikoroga. Kisha akaandika, "Umekula nini?"

"Chai na andazi."

"Kaa hapo."

Amri alikuwa amesimama nyuma yake, karatasi za mteja mkononi. Alisoma yote kwenye kioo juu ya bega lake, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, sasa utawaambia?"

Gaudensia hakugeuka, alikuwa anapakua. Basi wewe uliyekuwa nasi tangu mwanzo, hebu msaidie kumjibu Amri: awaambie nini?